Taa za kaunta ya katikati, dari ikiwa juu

Kama umejenga Isamilo au Capri Point, Mwanza, na dari ya jiko umeinyanyua mita nne ili upate hewa ya ziwa, usitegemee taa za kuzamishwa darini kumulika kaunta ya katikati. Mwanga unatawanyika kabla haujafika, na ukiinama kukata vitunguu unajizibia kwa kivuli chako. Ning'iniza taa mbili au tatu, sehemu ya chini ya taa iwe sentimita 75 hadi 90 juu ya kaunta. Mwambie fundi umeme aache waya mrefu kabla jipsamu haijafungwa, na ndoano aikaze kwenye mbao, si kwenye jipsamu tupu. Taa za kioo ni nzito jamani.

Rangi ya mwanga: njano, kelvini 2700 hadi 3000. Mweupe unaoelekea buluu unaharibu sura ya chakula, tena ndio unaovuta zaidi wale vijidudu vya ziwani. Kwa hiyo epuka pia vifuniko vilivyo wazi kwa juu, vitajaa mizoga na kusafisha huko juu ni kazi. Chukua kioo kilichozibwa pande zote, kinachofutika kwa kitambaa.