Kutunza ngozi iliyopandikizwa baada ya kutolewa saratani

Wiki hii nimemwelekeza kaka anayemuuguza dada yake mwenye ualbino: katolewa saratani kichwani, pakabandikwa ngozi ya paja. Maswali yake ndiyo ninayoulizwa wodini kila mara, basi nayaweka hapa.

1. Kabla ya upasuaji. Sigara iachwe, nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Sukari na upungufu wa damu vidhibitiwe. Kama sehemu hiyo iliwahi kupigwa mionzi, daktari aambiwe.

2. Siku 5 hadi 7 za mwanzo: msiguse. Ngozi nyingi hupotea hapa. Ikibandikwa haina damu yake. Siku mbili za kwanza huishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda, kisha mishipa ya chini huanza kuungana nayo. Damu ikiganda katikati, usaha ukiingia, au ngozi ikiteleza hata kidogo, haishiki. Ndiyo maana daktari hushonea furushi la shashi juu yake. Ndugu hulalamika, "Mbona hawabadilishi bandeji?" Haibadilishwi kwa makusudi!

Kidonda kikiwa kichwani, mgonjwa alalie upande mwingine, kichwa kiinuliwe kwa mito. Kofia na kilemba bado, vinasugua. Jua alikwepe kwa kukaa ndani. Kikiwa mguuni, mguu uinuliwe, usining'inie kitandani, na kutembea ni mpaka daktari aruhusu. Bandeji ikilowa damu mbichi, ikitoa harufu mbaya, homa ikipanda au maumivu yakizidi, rudini hospitali siku hiyo hiyo, msingoje tarehe ya kliniki.

3. Siku ya kufungua. Ngozi ikiwa na rangi ya waridi ni nzuri. Zambarau isiwatishe. Hata ganda jeusi la juu huweza kubanduka lenyewe na chini yake kukawa hai, kwa hiyo msilichokonoe. Kusafishia ni maji ya chumvi ya hospitali. Spiriti na haidrojeni peroksaidi mimi sitaki kuziona karibu na ngozi changa.

4. Paja. Mara nyingi huuma kuliko kidonda chenyewe. Hupona kwa wiki mbili hivi. Shashi iliyogandia msiivute. Kateni kingo zilizonyanyuka tu.

5. Baada ya hapo. Vaselini kila siku, maana ngozi hiyo hukauka. Ikishapona vizuri, kofia pana na krimu ya jua. Ipo inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Na ulizeni majibu ya maabara: je, kingo za nyama iliyokatwa hazina saratani? Kama zinayo, mgonjwa huenda akarudi chumba cha upasuaji hata kama ngozi imeshika vizuri.