Jinsi ya kuchagua kitabu cha mitandao ya kompyuta: anza na sura ya anwani

Wiki iliyopita mpwa wangu, aliyeko chuo mwaka wa pili, alinitumia picha ya vitabu vinne vya mitumba vilivyopangwa juu ya turubai. "Shikamoo mjomba. Hela yangu inatosha kimoja. Nichukue kipi?" Nikampigia, tukavipekua pamoja kwa simu huku muuzaji akisubiri. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Hatua ya 1: Jua unasomea nini

Kama unatafuta CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, tazama namba ya mtihani kwenye jalada. Unaotakiwa ni 200-301, ulioanza Februari 2020. Ukikuta 200-125 au 200-120, rudisha. Kama unasomea shahada au unataka kuelewa tu, endelea.

Hatua ya 2: Fungua sura ya anwani za IP

Hapa usiwe na haraka, hata muuzaji akinuna. Anwani ya IP ni namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao. Tafuta sura yake kwenye yaliyomo, soma kurasa zake za mwanzo, kisha ruka hadi mazoezi ya mwisho wa sura.

Vitabu vingi vya zamani vinafundisha kwamba anwani zina madaraja A, B na C, na kwamba ukiona namba ya kwanza umeshaijua maski, yaani namba inayoonyesha sehemu ipi ya anwani ni ya mtandao na ipi ni ya kifaa. Utaratibu huo uliondolewa mwaka 1993 ilipokuja CIDR, utaratibu wa kugawa anwani bila madaraja, na tangu hapo urefu wa mtandao unaandikwa wazi baada ya mkwaju: /8, /22, /27. Mimi nilijifunzia kitabu cha fotokopi kilichoishia kwenye madaraja, nikakiamini.

Moja ya kazi zangu za mwanzo ilikuwa kufunga printa ofisini kwa mteja. Nilipewa anwani 10.20.30.70, na karatasi imeandikwa 10.20.30.64/27. Kitabu changu kilisema anwani inayoanza na 10 ni daraja A, maski yake 255.0.0.0. Nikaiweka hiyo. Kompyuta za chumba kile zikachapa vizuri. Za uhasibu, zilizokuwa kwenye 10.20.40, hazikuchapa hata karatasi moja. Nilibadilisha kebo, nikazima swichi na kuiwasha, nikafuta driva na kuiweka upya mara mbili. Saa sita zikapita. Kumbe kwa maski ile printa iliamini kwamba kila anwani inayoanza na 10 iko nayo kwenye swichi moja. Ombi la uhasibu lilikuwa linaifikia, lakini jibu haikulipeleka kwa ruta, kifaa kinachounganisha mitandao. Ilibaki kuulizia kwa ARP, njia ya kifaa kumtafuta mwenye anwani fulani kwenye mtandao wake, humo humo chumbani, ikimtafuta aliye chumba kingine. Maski sahihi, ile ya /27, ilikuwa 255.255.255.224, yaani anwani 32, za kugawa vifaa 30, kuanzia .65 hadi .94.

Ila angalia: kitabu kutaja madaraja si kosa. Vizuri pia huyataja, kama historia. Kinachoamua ni mazoezi. Swali likikupa /27 au /22 na kukutaka utaje anwani ya kwanza na ya mwisho, hapo kuna mwalimu. Mazoezi yote yakiwa ya /8, /16 na /24 tu, kiache. Hakikisha pia IPv6, toleo jipya la anwani za IP, ina sura yake. Aya moja inayosema "itakuja siku zijazo" haitoshi, maana imeshakuja.

Hatua ya 3: Uzee wa kitabu upime sura kwa sura

Mpwa wangu alitaka kutupilia mbali kila kilichochapwa kabla ya 2010. Nilimkatalia. Sura za mawasiliano ya data, yaani ishara, kelele kwenye waya na kugundua makosa, hazichuji: kanuni ya Shannon ni ya 1948 na bado ndiyo inayoweka kikomo cha kasi ya laini yoyote. TCP, kanuni ya kusafirisha data kwa uhakika, iliandikwa katika waraka wa kanuni za intaneti uitwao RFC 793 mwaka 1981, ikaandikwa upya kama RFC 9293 mwaka 2022, lakini muunganisho bado unafunguliwa kwa pakiti tatu zile zile. Zinazochakaa ni sura za usalama na za wavuti. Kitabu kisichoijua TLS 1.3 ya 2018, inayolinda mawasiliano kwa siri, wala HTTP/3 ya 2022, inayobeba kurasa za wavuti, sura hizo zisome kwingine.

Hatua ya 4: Chagua kimoja

Waandishi Kurose na Ross wanaanzia juu, kwenye tovuti na barua pepe, wakishuka hadi kwenye waya. Tanenbaum anaanzia kwenye waya na kupanda. Kwa anayeanza, mimi nasema Kurose na Ross bila kusita, kwa sababu tovuti kila mtu ameshaitumia. Kama hela hakuna, cha Peterson na Davie kinasomwa bure mtandaoni, na ni kitabu kamili cha chuo.

Hatua ya 5: Kisome ukiwa na Wireshark

Sakinisha Wireshark, programu ya kunasa na kuonyesha pakiti zinazopita kwenye mtandao; ni bure. Ukifika sura ya ARP, anza kunasa pakiti, zima Wi-Fi na kuiwasha, kisha andika arp kwenye kichujio. Mpwa wangu alinunua Kurose na Ross, toleo la sita. Juzi usiku alinitumia picha ya skrini: mstari mmoja wa laptopu yake ikiulizia ruta iko wapi, na chini yake jibu la ruta. Kwa kalamu nyekundu alikuwa amezungushia anwani ya ruta.