Namna ya Kuandaa Mpango Kabambe wa Uwanja wa Ndege: Mwongozo kwa Maafisa wa Halmashauri za Arusha na Kilimanjaro

Mpango kabambe wa uwanja wa ndege ni hati inayoeleza uwanja utakuwa na nini, mahali gani, lini na kwa masharti yapi, kwa kipindi ambacho kwa kawaida hufikia miaka 20. Wajumbe wengi wa vikao vyetu wakisikia mpango huo unatajwa huuliza kwanza kuhusu jengo la abiria: litakuwa na ghorofa ngapi na litagharimu kiasi gani. Swali hilo lina haki yake, lakini si la kuanzia. Jengo likiwa dogo huongezwa, na likichakaa hubomolewa. Ardhi iliyo mwishoni mwa barabara ya kuruka na kutua ikishajaa nyumba, kuirudisha kunamaanisha fidia kubwa, kesi mahakamani na familia kuhamishwa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye ardhi na anga iliyo juu yake, na unawalenga hasa maafisa mipango miji, wapima ardhi na madiwani wa halmashauri zinazopakana na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), uwanja wa Arusha ulioko Kisongo, na ule mdogo wa Moshi.

Kabla ya kuchora mstari wowote, kusanya nyaraka zinazokufunga. Mkataba wa Usafiri wa Anga wa Kimataifa ulitiwa saini Chicago tarehe 7 Desemba 1944, na ndio uliozaa Shirika la Usafiri wa Anga la Kimataifa, yaani ICAO, lenye makao makuu Montreal. Viwanja vya ndege vinashughulikiwa na Kiambatisho cha 14 cha mkataba huo, kilichopitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1951 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo. Ndani yake yamo masharti ya aina mbili: viwango, ambavyo nchi inawajibika kuvifuata, na mapendekezo, ambayo nchi inahimizwa kuyafuata. Nchi isiyoweza kutimiza kiwango fulani inatakiwa na Ibara ya 38 ya mkataba kulijulisha shirika mara moja, ili marubani na mashirika ya ndege kote duniani wajue tofauti hiyo. Maelezo ya namna ya kupanga yako katika mwongozo wa ICAO unaojulikana kwa namba 9184, ambao sehemu yake ya kwanza inahusu mpango kabambe na ya pili inahusu matumizi ya ardhi na mazingira. Hapa nchini, Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) ndiyo msimamizi na mtoa cheti, wakati Mamlaka ya Viwanja vya Ndege (TAA) ndiyo mwendeshaji. Usizichanganye mamlaka hizi mbili katika barua zako, kwa sababu ombi lililopelekwa kusikohusika huweza kukaa mezani miezi mingi.

Kazi ya kwanza ya uwandani ni takwimu za upepo. Zinatakiwa ziwe za kipindi kirefu kadiri inavyowezekana, si chini ya miaka mitano, na vipimo vichukuliwe angalau mara nane kwa siku kwa nafasi zinazolingana. Lengo ni kuchagua mwelekeo wa barabara ya kuruka na kutua utakaowezesha ndege zilizokusudiwa kutumia uwanja kwa angalau asilimia 95 ya muda bila kuzuiwa na upepo wa ubavuni. Kwa ndege zinazohitaji mita 1,500 au zaidi, kikomo cha upepo huo katika upangaji ni kilomita 37 kwa saa. Kwa zile zinazohitaji chini ya mita 1,200, kikomo hushuka hadi kilomita 19. KIA na Kisongo zote zina barabara ya mashariki na magharibi, yenye namba 09 upande mmoja na 27 upande wa pili. Hivyo swali la mwelekeo limeshajibiwa, isipokuwa pale mtu atakapopendekeza barabara ya pili.

Baada ya upepo huja makadirio ya abiria na ndege. Usikubali jumla ya mwaka peke yake. Mikoa hii huishi kwa misimu: abiria wa mlimani na wa mbugani huja kwa wingi kati ya Juni na Oktoba, kisha tena karibu na Krismasi, na masika hupunguza safari. Kisongo mzigo mkubwa hubebwa asubuhi, wakati ndege ndogo zinapoondoka kwenda Serengeti na viwanja vingine vya mbugani karibu kwa pamoja. Ukubwa wa ukumbi, idadi ya madawati ya ukaguzi na maegesho ya ndege hupangwa kwa saa yenye msongamano, si kwa wastani wa mwaka. Hata hivyo usichukue saa moja iliyovunja rekodi. Chukua saa yenye shughuli nyingi inayojirudia, na desturi inayokubalika ni kutumia saa inayoshika nafasi ya 30 kwa wingi wa shughuli katika mwaka. Waulize waendeshaji wa ndege wenyewe wanatarajia kuleta ndege gani, kwa sababu Kiambatisho cha 14 chenyewe kinapendekeza kwamba wadau hao washirikishwe na watoe taarifa zao mapema.

Sasa chagua ndege itakayotawala usanifu, kisha uipatie msimbo wake. Msimbo una namba na herufi. Namba hutokana na urefu wa barabara ambao ndege ingehitaji ikiwa usawa wa bahari, katika hali ya hewa ya kawaida na barabara isiyo na mwinuko: chini ya mita 800 ni 1, kuanzia 800 hadi chini ya 1,200 ni 2, kuanzia 1,200 hadi chini ya 1,800 ni 3, na 1,800 au zaidi ni 4. Herufi hutokana na upana wa mabawa. Cessna Caravan, yenye mabawa ya karibu mita 16, ni B. Dash 8 Q400, Airbus A220 na Boeing 737 ni C. Boeing 787-8, yenye mabawa ya mita 60, ni E. Herufi ndiyo inayoamua umbali kati ya viungio, yaani njia ambazo ndege hupita ardhini, na barabara ya kuruka na kutua, na nafasi kati ya ndege moja na nyingine kwenye maegesho, kwa hiyo kosa la herufi moja huweza kukunyima ekari nyingi utakazozihitaji baadaye.

Namba ya msimbo, hata hivyo, haisemi barabara yenyewe ijengwe kwa urefu gani, na hapa ndipo wengi hukosea katika mikoa yetu ya milimani. Urefu wa usawa wa bahari huongezwa asilimia 7 kwa kila mita 300 za mwinuko wa uwanja, kisha matokeo huongezwa asilimia 1 kwa kila digrii ya joto inayozidi joto la kawaida la mwinuko huo, kisha asilimia 10 kwa kila asilimia moja ya mteremko wa barabara. Joto linalotumika ni wastani wa kiwango cha juu cha kila siku katika mwezi wenye joto zaidi, uliochukuliwa kwa miaka kadhaa.

Tufanye hesabu kamili kwa Kisongo. Uwanja uko mita 1,387 juu ya usawa wa bahari. Chukua ndege ambayo ingehitaji mita 1,500 ikiwa pwani katika hali ya kawaida. Mwinuko peke yake unaongeza asilimia 32.4, na mita zinafika 1,985. Joto la kawaida la mwinuko huo ni kama digrii 6. Tukichukua, kwa ajili ya mfano, joto la digrii 28, tofauti ni digrii 22, na urefu unapanda hadi mita 2,422. Barabara ikiwa na mteremko wa asilimia moja, tunafika mita 2,664. KIA, kwenye mita 894, ndege hiyohiyo na joto la mfano la digrii 33 hutoa takribani mita 2,244 kabla ya mteremko. Ongezeko la mwinuko na joto kwa pamoja likizidi asilimia 35, kama lilivyozidi katika mifano yote miwili, mwongozo wa ICAO wa usanifu wa viwanja unataka uchunguzi maalumu wa ndege husika badala ya kutegemea kanuni hii peke yake. Ndiyo maana barabara ya KIA, uwanja uliofunguliwa mwaka 1971 kwa ajili ya ndege za masafa marefu, ina urefu wa mita 3,600. Mtu anayesema kwamba urefu huo ni anasa hajafanya hesabu hii.

Barabara nayo haimalizikii kwenye lami. Kwa barabara ya msimbo 3 au 4 inayotumia vifaa vya kuongozea kutua, ukanda uliosafishwa hufika mita 140 kila upande wa mstari wa katikati na mita 60 kupita kila mwisho. Kupita ukanda huo huwekwa eneo la usalama la kupokea ndege iliyopitiliza: kiwango cha lazima ni mita 90, na pendekezo ni mita 240. Kwa barabara ya mita 3,600, pendekezo hilo linakupa mstatili wa kulinda wenye urefu wa mita 4,200. Uweke mstatili huo kwenye ramani ya halmashauri kwa vipimo vya mpima ardhi, pamoja na nyongeza yoyote ya barabara inayofikiriwa kwa miaka 20 ijayo. Nyongeza isiyochorwa leo haitalindwa na mtu yeyote.

Kisha panda juu, kwenye anga. Kuzunguka uwanja kuna nyuso za kufikirika ambazo jengo, mnara wa simu au mti haupaswi kuzitoboa. Kwa barabara ya msimbo 4, uso wa ndani ulio mlalo umekaa mita 45 juu ya uwanja na kuenea kilomita 4. Kutoka ukingo wake uso mwingine hupanda kwa asilimia 5. Katika njia ya kutua kwa vifaa vya usahihi, uso huanza mita 60 kutoka mwanzo wa barabara na kupanda kwa asilimia 2 tu katika kilomita tatu za mwanzo. Umbali wa kilomita moja kutoka unapoanzia, kimo kinachoruhusiwa ni mita 20, sawa na jengo la ghorofa tano au sita. Lakini kimo hicho hupimwa kutoka usawa wa barabara, si kutoka chini ya msingi wa nyumba. Kwetu, ardhi ikielekea mlimani hupanda haraka: kiwanja kilichoinuka mita 15 kuliko uwanja kinabakiwa na mita 5 tu, yaani nyumba ya kawaida yenye paa la mgongo. Kwa sababu hiyo, mwombaji wa kibali cha ujenzi katika maeneo haya aandike kimo cha ncha ya jengo kutoka usawa wa bahari, na maombi ya minara yapitishwe TCAA kabla ya halmashauri kutoa kibali.

Dampo nalo lina sharti lake. Mwongozo wa ICAO unashauri lisiwekwe ndani ya kilomita 13 kutoka uwanjani, kwa sababu taka huvuta ndege wakubwa kama kongoti na mwewe, ambao wakiingia kwenye injini huleta hatari kubwa. Machinjio na mabwawa ya maji taka yachunguzwe kwa jicho hilohilo.

Suala la watu ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalohitaji muda mwingi zaidi. Eneo la KIA ni kubwa, lipo kati ya wilaya za Hai na Arumeru, na mgogoro wa mipaka kati ya uwanja na vijiji jirani umedumu kwa miaka mingi. Wafugaji wa tambarare hizi wana njia za mifugo na malisho ambayo hayakuanza juzi. Kwa hiyo usipeleke ramani iliyokamilika ili wananchi wapige muhuri. Nenda na rasimu, itisha mkutano wa kijiji, tembea mpaka pamoja na wazee na mwenyekiti huku mpima akionyesha kila jiwe, na uandike njia za mifugo kwenye ramani hiyohiyo ili uzio uwe na njia mbadala ya kufika majini. Pale ambapo ardhi lazima itwaliwe, uthamini ufanyike kwa sheria na fidia iwe tayari kabla ya kuzuia watu kulima au kujenga. Kumwambia mtu asiendeleze shamba lake kwa miaka kumi bila kumlipa ni dhuluma, hata kama mpango wenyewe ni mzuri.

Mwisho, panga awamu kwa vichocheo, si kwa miaka. Badala ya kuandika kwamba jengo litapanuliwa mwaka fulani, andika kwamba usanifu utaanza pale saa ya msongamano itakapofikia kiwango mlichokubaliana cha uwezo wa jengo. Hivyo watalii wakipungua hamtajenga bure, na wakiongezeka ghafla hamtachelewa. Tathmini ya athari kwa mazingira ianze wakati wa kulinganisha mapendekezo, sio baada ya kuchagua moja. Mpango upitiwe upya mara kwa mara, hasa mwendeshaji wa ndege anapoleta ndege yenye mabawa mapana zaidi yanayobadilisha herufi ya msimbo. Nakala ya ramani ya ardhi na vimo vinavyoruhusiwa ibandikwe ofisi za kata na vijiji vyote vilivyo ndani ya nyuso hizo, ikiwa na jina la ofisi ya kuulizia, na mipaka yake iingizwe katika mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji na mipango kabambe ya miji, ili afisa anayegawa viwanja aione kabla hajagawa.