Anza na kisanduku cha jina

Natunza tovuti za wauza dagaa na sangara pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, nyingi zikiwa za WordPress, programu ya kuendeshea tovuti. Mwaka jana tovuti ya dada mmoja anayepokea oda za dagaa iliota admini, yaani msimamizi mwenye ruhusa zote, tusiyemjua. Nywila haikuibiwa. Mtu alijaza fomu ya oda, kwenye jina akabandika msimbo wa JavaScript, na plagini (programu ya nyongeza) ya fomu ikaupokea ulivyo. Dada alipofungua orodha ya oda asubuhi, msimbo ukaamka ndani ya kivinjari chake na kumsajili admini mpya kwa ruhusa zake yeye. Hiyo ndiyo XSS (cross-site scripting): msimbo wa mgeni kuendeshwa ndani ya kivinjari chako. JavaScript haiwezi kusoma kuki za kuingilia za WordPress, zile zinazomtambulisha aliyeingia, lakini hapa haikuwa na haja nazo: dada alikuwa ameshaingia.

Pima ya kwako. Jaza fomu, kwenye jina andika `<b>sato</b>`, kisha ifungue oda hiyo ukiwa admini. Ukiziona alama zote kama ulivyoziandika, kisanduku hicho kimefaulu kipimo hiki. Ukiona sato kwa herufi nene, kivinjari kimelichukua jina kama amri. Rudia kwenye simu, anwani, hata kisanduku cha kutafutia. Tovuti ya mtu usiiguse bila ruhusa yake.

Wengi hukimbilia kufuta neno "script" wakati wa kupokea. Haitoshi kabisa, maana hata tagi ya picha yenye `onerror` huendesha msimbo. Tibu pale jina linapoonyeshwa. Kwenye msimbo wa PHP wa plagini, palipo na `echo $jina;` weka:

`echo esc_html( $jina );`

Ndani ya sifa ya tagi tumia `esc_attr`, kwenye kiungo `esc_url`. Maelezo yanayohitaji aya na herufi nene yapitishe `wp_kses_post`. Plagini kama si yako, isasishe; isipopata sasisho, izime.

Kijana anayeweka bei za samaki kwenye tovuti mpe cheo cha Author, si Editor. Kwenye tovuti ya kawaida Editor anaruhusiwa kuweka HTML isiyochujwa.

Kama umeshavamiwa, zima fomu, futa oda ile na admini mgeni, kagua plagini alizoongeza, badilisha funguo za siri kwenye `wp-config.php` ili wote watolewe nje, halafu badilisha nywila. Sisi ilitukuta siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa imepumzika, ndiyo maana dada alikubali fomu ifungwe siku mbili.