Somo: Kuuvusha mpilipili msimu wa baridi ndani ya nyumba, uchume mapema kiangazi

Habari zenu ndugu zangu. Kila ikifika Septemba hapa Uingereza naona mipilipili mizima ikitupwa kwenye pipa la taka za bustani, mingine ingali na maua. Inaniuma sana. Lebo ya dukani imeandika kwamba ni mmea wa mwaka mmoja, na watu wanaiamini, ilhali nyumbani tumekua tukichuma pilipili kichaa ya nyuma ya jiko miaka nenda miaka rudi kwenye shina lile lile. Mpilipili kwa asili yake ni mmea wa kudumu. Huku kinachoumaliza ni usiku wa barafu tu, na ukiuingiza ndani kabla ya usiku huo, mwakani unaanza na mizizi iliyokwisha kukomaa.

Faida yake inaonekana zaidi kwa pilipili mbuzi. Hii kwa jina la kitaalamu ni Capsicum chinense, ukoo mmoja na zile pilipili kali ziitwazo habanero na Scotch bonnet, nayo haina haraka. Mbegu zake huota kwa wiki mbili hadi nne, tena kwenye joto la nyuzi 27 hadi 30 za Selsiasi, kisha baada ya kupandikizwa hutaka miezi mitatu, hata minne, ndipo matunda yaive. Ukisia Februari, matunda yanaanza kubadilika rangi Septemba, jua likiwa linaaga. Mmea uliovushwa huwa na maua Mei au Juni, na Julai unachuma.

Hatua ya 1: Chagua mimea ya kuvusha

Miwili au mitatu iliyozaa vizuri inatosha familia. Ule wenye majani yaliyojikunja na mabaka ya kijani na njano huenda una virusi, na virusi havina dawa. Uachane nao, usije ukaambukiza mingine.

Hatua ya 2: Uingize mapema

Usisubiri barafu. Usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi 10, muda umefika. Kusini mwa Uingereza mara nyingi ni kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba. Walioko Minnesota na majimbo jirani wahesabu Septemba. Chuma kila tunda, hata yale mabichi. Yaoshe, yakaushe, yatie kwenye friza. Hukaa miezi mingi na ukali wake ule ule.

Hatua ya 3: Ondoa wadudu kabla ya kuvuka mlango

Geuza jani moja moja, uangalie upande wa chini, hasa pembeni mwa ule mshipa wa katikati. Vidukari hujipanga pale, wadogo, wa kijani kama jani lenyewe, na ukipitisha kidole unahisi utomvu unaonata. Nje kuna wadudu wengine wanaowala. Ndani hakuna, kwa hiyo wachache wa Oktoba ni kundi zima ifikapo Desemba. Changanya kijiko cha chai cha sabuni laini ya maji kwenye lita moja ya maji, nyunyizia chini ya majani na kwenye vifundo, yaani pale jani linapoungana na tawi, kisha rudia baada ya siku chache. Sabuni kali ya vyombo au ya kufulia huunguza majani, msiitumie.

Hatua ya 4: Pogoa bila kuogopa

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa sababu mkono unasita. Mpilipili wenye matawi na majani mengi unataka mwanga ambao nyumba ya baridi haina. Ukiuacha vile ulivyo, majani yatapukutika yenyewe sebuleni na vidukari watakula yaliyobaki.

Chukua mkasi mkali uliofutwa kwa spiriti. Fuata shina kuu kutoka chini mpaka linapogawanyika mara ya kwanza, pale panapofanya umbo la herufi Y. Acha mikono ile miwili, kila mmoja ubaki na vifundo viwili au vitatu, na mmea wote uwe na kimo cha sentimita 15 hadi 20. Kata juu kidogo ya kifundo. Ukitazama kwa karibu, pale jani lilipoungana na tawi utaona kijicho kidogo cha kijani. Hicho ndicho tawi la mwakani, usikikwaruze. Vaa glavu, hasa kama kuna tunda ulilolisahau, maana kapsaisini, ile inayoipa pilipili ukali, ikiingia machoni utajuta.

Sasa toa mmea kwenye chungu. Kung'uta udongo wa zamani, kwani ndani yake hujificha mayai na viluwiluwi vya wadudu. Punguza mizizi ya pembeni kama theluthi moja, kisha panda kwenye chungu kidogo zaidi chenye mboji mpya na matundu ya kutolea maji. Nasisitiza chungu kidogo: mizizi michache ndani ya udongo mwingi wenye unyevu huoza.

Hatua ya 5: Mahali pa kulala

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuulaza: chumba chenye nyuzi 10 hadi 13 na mwanga kiasi, mfano chumba kisichowashwa hita, ngazi zenye dirisha, au kibaraza cha vioo kisichopata barafu. Ya pili ni kuuacha uendelee kukua: nyuzi 18 hadi 22 na taa ya mimea saa 12 hadi 14 kwa siku.

Mimi naipendelea ya kwanza. Haina gharama ya umeme, na mmea unapumzika kweli. Kibaya ni kuchanganya njia hizi mbili, yaani joto la sebuleni bila taa. Sisi tuliozoea mchana wa saa 12 mwaka mzima tunasahau kwamba London, mwishoni mwa Desemba, mchana haufiki saa 8 na jua linazama karibu saa kumi jioni. Joto linauambia mmea ukue, mwanga haupo, unatoa machipukizi marefu, meupe, legevu, na kwa kawaida hayo hayafiki Machi.

Hatua ya 6: Maji

Naomba mlisome hili mara mbili. Kinachoua mipilipili mingi iliyokwisha kuingizwa ndani ni maji ya huruma, si baridi. Mmea umelala, hauna majani, haunywi. Kila ukipita unaumwagia kidogo, udongo unabaki baridi na tope, mizizi inakuwa ya kahawia na laini. Unapokuja kugundua, shina limekuwa jeusi kuanzia chini.

Inua chungu. Kikiwa chepesi na kidole ukikizamisha mpaka kifundo cha pili hakipati unyevu, mpe maji kama nusu kikombe, ya uvuguvugu. Kwa mmea uliolala huenda ikawa mara moja kwa wiki tatu au nne. Mbolea hapana, mpaka uamke.

Hatua ya 7: Kuuamsha

Mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, uhamishie kwenye dirisha linaloangalia kusini, penye joto la nyuzi 18 na kuendelea. Ongeza maji taratibu. Ukiona vijicho vimefumuka majani, anza mbolea ya maji, nusu ya kipimo cha kwenye chupa. Maua yakianza, hamia mbolea ya nyanya, ambayo ina potasiamu nyingi.

Hatua ya 8: Kurudi nje

Subiri hatari ya barafu ipite na usiku usishuke chini ya nyuzi 10, mara nyingi mwisho wa Mei. Uzoeshe kwa siku 7 hadi 10: leo saa moja kivulini, kesho mbili, na jua kali liwe la mwisho. Majani yaliyomea nyuma ya kioo huungua kwa siku moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Wangu umepukutisha majani yote Novemba, umebaki kijiti. Nitupe?

Jibu: Marahaba mwanangu, usitupe. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha. Chini yake kukiwa kijani kibichi, uko hai. Kukiwa kahawia na kukavu, shuka chini kidogo ukwaruze tena, kisha kata mpaka ufike penye kijani. Shina likiwa laini na jeusi penye udongo, huo umekwenda.

Swali: Kaka, niko Minneapolis. Nyumba nzima ina joto la nyuzi 22 na hewa kavu, sina chumba cha baridi. Nifanyeje?

Jibu: Dada, kama kuna chumba cha chini ya nyumba chenye kidirisha, jaribu huko, lakini pima joto kwanza. Kama hakuna, nunua taa na ufuate njia ya pili. Usiuweke karibu na hita. Hewa kavu huita utitiri mwekundu: majani yanakuwa na vidoti vyeupe na utando mwembamba kwenye vifundo. Kila wiki peleka mmea bafuni, uoshe chini ya majani kwa maji, ukiwa umefunika udongo kwa mfuko.

Swali: Maua yametoka Machi nikiwa bado nimeuweka ndani, yote yanadondoka.

Jibu: Yale ya kwanza kabisa yaondoe wewe mwenyewe, mmea ujenge majani kwanza. Yanayofuata yanahitaji msaada, kwa sababu ndani hakuna upepo wala nyuki. Mchana gusagusa ua kwa kidole, au pitisha brashi ndogo ya rangi kutoka ua hadi ua.

Swali: Vijinzi vyeusi vinaruka kila nikigusa chungu.

Jibu: Udongo wako una maji mengi. Acha sentimita mbili tatu za juu zikauke kabisa kila mara, na tega karatasi za njano zinazonata.

Swali: Ndugu yangu, hapa Hamburg nina pilipili hoho. Nayo nivushe?

Jibu: Inawezekana, ila faida ni ndogo. Hoho kwa mbegu huiva mapema kuliko mbuzi, kwa hiyo nafasi ya dirishani waachie mbuzi na kichaa. Ukipata rocoto, ya milima ya Andes, hiyo huvumilia ubaridi kuliko zote hizi.

Swali: Dada yangu anakuja kutoka Zanzibar. Aniletee mche kwenye begi?

Jibu: Hapana. Mche wa pilipili kutoka huko hauruhusiwi kuingia Uingereza, na hata mbegu zinataka cheti cha afya ya mimea, bila hicho zitachukuliwa. Nenda duka la vyakula vya Karibiani, nunua Scotch bonnet zilizoiva kabisa, toa mbegu, zianike kivulini wiki moja. Huenda matunda yasifanane kabisa na uliyonunua, lakini harufu yake iko karibu na ya mbuzi wetu. Zisie Februari hii kwenye joto, na Oktoba urudi hatua ya kwanza.