Namna ya Kuomba Kibali cha Kulisha Mifugo Katika Msitu wa Serikali Nchini Kenya

Kabla ya kuandika barua yoyote, mfugaji na ahakikishe kwanza ardhi anayoitaka iko chini ya nani. Misitu ya serikali, kama ile ya Mau na Aberdare, husimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu, yaani KFS. Mbuga za kitaifa ziko chini ya Shirika la Huduma za Wanyamapori, yaani KWS, na si mahali pa kuombea malisho. Ardhi ya jamii nayo ina kamati zake, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Maelezo yafuatayo yanahusu msitu ulio chini ya KFS.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inahesabu malisho miongoni mwa haki ambazo chama cha jamii cha msitu, ambacho wengi tunakiita CFA, kinaweza kukabidhiwa kwa mkataba na KFS. Sheria hiyohiyo inamtoza anayeingiza mifugo bila idhini faini isiyopungua shilingi 100,000, au kifungo kisichopungua miezi 6, au adhabu zote mbili. Kwa sababu hiyo, ni busara kuanzia kwenye chama. Jiandikishe kuwa mwanachama, lipa ada yake, kisha uombe kuingizwa katika kikundi cha wafugaji, kwa kuwa ndani ya CFA kila matumizi, yawe ufugaji wa nyuki, kuni au malisho, huwa na kikundi chake. Omba pia kuonyeshwa mpango wa usimamizi wa msitu huo, kwani ndio unaoeleza sehemu zilizotengewa malisho na zile zilizofungwa kwa sababu miche ya miti bado ni michanga.

Ukishapata uthibitisho wa chama, peleka ombi lako kwa meneja wa kituo cha msitu kilicho karibu nawe. Chukua kitambulisho cha taifa, na katika ombi utaje kijiji chako, aina ya mifugo, idadi yake, sehemu unayoiomba na miezi unayokusudia kulisha. Mbuzi kwa kawaida hawakubaliwi, kwa sababu hula vichipukizi na kubandua magome ya miti, hivyo usiwachanganye na kondoo ukitumaini kwamba hawataonekana.

Idadi ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko mambo mengine yote. Ada hutozwa kwa kila kichwa cha mfugo kwa kila mwezi, na kishawishi cha kuandika ng'ombe 5 ilhali unao 12 ni kikubwa, hasa wakati wa kiangazi ambapo fedha ni haba. Hata hivyo, wale 7 waliosalia huwa wameingia msituni bila kibali, na askari wa misitu akiwahesabu, risiti uliyo nayo haitawatetea. Vilevile, usikubali kuandikisha kwa jina lako ng'ombe wa mtu anayeishi mbali ambaye si mwanachama. Nalisema hili kwa uzito, kwa kuwa makundi ya namna hiyo humaliza nyasi ambazo mjane mwenye ng'ombe mmoja alizitegemea, na lawama humwangukia mwenyeji.

Lipa kwa njia rasmi pekee, udai risiti, na uhakikishe kwamba inataja mwezi na idadi ya mifugo. Mchungaji abebe nakala yake kila siku. Mwezi ukiisha, kibali nacho kimeisha, hata kama mvua haijanyesha. Zingatia pia masharti ya kituo: kwa kawaida mifugo hailali msituni, moto hauwashwi, na matawi hayakatwi kwa ajili ya lishe. Ikiwa unatoa mifugo kaunti nyingine, pata kwanza kibali cha kuisafirisha kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali, kwa kuwa karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo inaweza kuzuia safari nzima.

Ombi likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki hiyo mtu yeyote ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala. Peleka barua hiyo kwenye kikao cha CFA, ili viongozi waizungumzie na meneja pamoja nawe, na iwapo sababu ni kwamba sehemu uliyoiomba imejaa au imefungwa, andika ombi jipya ukitaja sehemu nyingine iliyo wazi katika mpango.