Kurudisha kinamasi kwenye mto wa mpakani wenye chumvi: anza na chumvi, miche baadaye

Wengi mkisikia kurudisha kinamasi mnakimbilia miche, nani ataleta miche, tunapanda lini, fulana zitakuwa rangi gani. Mi naishi Arizona miaka kadhaa sasa na nimeshaenda kupanda miti upande wa Mexico, kwenye delta ya mto Colorado (mto unaotoka Marekani, delta ni pale unapokaribia kuingia baharini), na nilichokiona huko ni kwamba miche inakuja mwishoni kabisa. Kwanza uifuate chumvi ujue inatoka wapi na inaenda wapi, maana chumvi haipotei, ukiitoa kwako ujue imehamia kwa jirani.

Mfano ndo huu. Mkataba wa 1944 wa Marekani na Mexico kugawana maji ya mto huo uliwapa Mexico mita za ujazo bilioni 1.85 kila mwaka, kiasi kikaandikwa vizuri, ubora wa maji hakuna aliyeugusa. Sasa 1961 mashamba ya Wellton-Mohawk huku Arizona yalikuwa yanatuama maji, wakaanza kuyavuta kwa pampu toka chini na kuyamwaga mtoni, chumvi mpakani ikapanda mpaka kama miligramu 2,700 kwa lita na wakulima wa Mexicali, upande wa Mexico, wakawa wanaangalia mazao yanaungua hivi hivi. Kelele zikapigwa miaka 12. Agosti 1973 ndo wakakubaliana (makubaliano namba 242) kwamba maji yanayofika bwawa la Morelos, pale mpakani, yasizidi chumvi ya yale ya bwawa la Imperial, huko juu Marekani, kwa zaidi ya miligramu 115 kwa lita kwa wastani wa mwaka, na wakaachiana nafasi ya 30 juu au chini.

Hapo pana ujanja ambao ningeuiga popote. Hawakuweka kikomo kimoja, walibana tofauti ya vituo viwili. Mwaka wa ukame chumvi inapanda kwa wote na mtu wa juu hana kosa kwa mvua kutonyesha, ila alichoongeza yeye katikati lazima kionekane. Kwa hiyo na nyie wekeni vituo viwili, kimoja juu ya mashamba na kingine maji yanapoingia kwa wenzenu, na siku ya kupima kila upande ulete mtu wake na mita yake, mchovye kwenye ndoo moja. Ndoo moja, mita mbili, mabishano yanakufa palepale. Zile mita ndogo za EC (zinapima maji yanavyopitisha umeme, chumvi ikiongezeka namba inapanda) zinatosha kuanzia, ikisoma 1 dS/m, ndo kipimo chake, chukulia ni kama miligramu 640 kwa lita.

Halafu maji ya mtaro msiyadharau. Baada ya hayo makubaliano maji machafu ya Wellton-Mohawk yakachimbiwa mfereji wake yasirudi mtoni, yakapelekwa kumwagwa jangwani karibu na bahari, mahali panaitwa Santa Clara, upande wa Mexico. Hakuna aliyepanga kitu pale, yaani ilikuwa ni kutupa tu, kumbe matete yakashika, ndege wakaja, leo ndo kinamasi kikubwa kuliko vyote kwenye delta, kama hekta 6,000 za majani mabichi zinazoishi kwa maji ya chumvi chumvi. Wakati huohuo Marekani wakajenga kiwanda cha Yuma cha kuyasafisha maji hayohayo, kikakamilika 1992, na tangu hapo kimewashwa mara chache sana. Mwaka 2010 walipotaka kukijaribu ilibidi serikali mbili na mashirika ya mazingira wachangie maji mengine ya kufidia kinamasi, maana ukisafisha maji yale unakausha matete. Kwa hiyo kabla ya kuziba mtaro wowote tembea mpaka mwisho wake uone nani anakunywa.

Udongo sasa, na hapa tuliumbuka wenyewe. Mara yangu ya kwanza tulipewa vipandikizi virefu vya miti ya jamii ya wilo tukachimbia sehemu moja tambarare, nzuri kwa macho, ila juu ilikuwa na ukoko mweupe unaovunjika kama ukoko wa ugali ukikanyaga, hakuna aliyeuliza, miezi miwili baadaye tulikuta fimbo kavu zimesimama kwa mstari. Ukoko ule ni chumvi iliyopandishwa na jua. Chimba mashimo ya majaribio, chukua udongo kijiko kimoja kwa vijiko vitano vya maji yasiyo na chumvi, tikisa, acha utulie, pima, linganisha shimo na shimo. Angalia pia maji ya chini yako umbali gani, vipandikizi vinataka ncha ifike kwenye unyevu. Palipo na chumvi piga matuta ujaze maji yaishushe, LAKINI yawe na pa kutokea, bila mtaro wa kuyatoa chumvi itapanda tena jua likiwaka. Pakigoma kabisa panda vinavyovumilia. Wao huko wanapanda mesquite kwa furaha, ndugu yake mathenge, ule mti uliovamia Baringo kule Kenya, watu wa Baringo mnaweza kucheka au kulia, ila kule ni mti wa kwao na haumsumbui mtu. Kinachowasumbua wao ni tamariski, mti wa kigeni uliowavamia.

Maji yaletwe lini na kwa njia gani, hilo nalo liliwafundisha. Machi 2014 Marekani na Mexico waliachia mita za ujazo milioni 130 toka Morelos kwa wiki nane, mto ukafika bahari, watoto wa San Luis Río Colorado wakaogelea mahali walipozoea kuona mchanga, ilikuwa sherehe kweli, ila maji mengi sana yalinywewa na mchanga kule juu palipokauka. Mwaka 2021 wakabadilisha, maji yakapitishwa kwenye mifereji ya umwagiliaji mpaka jirani na maeneo yaliyopandwa, yakaruka ile sehemu inayokunywa. Ningekuwa na maji kidogo ningefuata njia ya pili bila kufikiria. Na kama mnategemea mbegu ziote zenyewe, mbegu za popla na wilo zinaishi wiki chache tu, maji yafike zikiwa zinapeperuka, kisha yashuke taratibu, sentimita chache kwa siku, mizizi iweze kuyafuata.

Maji yenyewe yaandikwe ni ya nani. Makubaliano ya 2017, namba 323, yanasema maji ya mazingira, yaani ya kurudishia mto na kinamasi, yatolewe theluthi Marekani, theluthi Mexico, theluthi mashirika ya mazingira, hivyo mmoja akichelewa inajulikana ni nani.

Mita ya EC ioshe kwa maji safi kila ukimaliza, yangu ya kwanza iliganda chumvi ikafa ndani ya begi.